Breki ya Mbele Kulia

Jino la kaka yangu lilitoka Jumapili mchana kwa sababu ya kipande cha plastiki kisichozidi kidole gumba.

Lilikuwa jino la mbele. Mume wangu alimpiga ngumi akiwa bado ameshika spana, palepale uani, boneti ya gari ikiwa wazi na mvuke ukifuka. Kaka aliangukia ndoo ikapasuka. Akainuka na kipande cha ndoo mkononi, akamchana mume wangu shavu kutoka karibu na sikio hadi usawa wa mdomo. Mimi nilikuwa nimesimama katikati yao nimeshika ufunguo. Nilisema, "Jamani, basi," lakini sauti yangu ni ndogo tangu utotoni, na damu ikishaanza kutoka hakuna anayesikia sauti ndogo. Aliyewaachanisha ni jirani yetu, mama muuza mkaa. Alipanda juu ya kigoda upande wake wa ukuta akawamwagia beseni zima la maji ya kufulia.

"Watu wazima na ndevu zenu," alisema. "Mnapigania bati."

"Si bati, mama," kaka alijibu, mdomo umejaa damu. "Ni silinda sita."

Kile kipande cha plastiki kilikuwa kiungo cha mpira wa maji, nyuma ya injini. Joto la miaka mingi lilikuwa limekikausha kikawa kama biskuti. Kilimvunjikia kaka barabarani, maji yote yakamwagika, naye akadai kwamba mume wangu alijua kimepasuka akakipaka gundi ili kidumu hadi siku ya kukabidhi. Alikuwa anasema kweli. Gundi hiyo niliiona kwenye vidole vya mume wangu alipokaa kula.

Hao ndio watu wangu wawili. Kaka ni kinyozi. Wazazi wetu walipofariki alikuwa hajaota ndevu hata moja, akaanza kunyoa za watu ili mimi nile. Mume wangu ni mchomeleaji wa mageti na madirisha, na karakana yake imeungana na nyumba yetu, kiasi kwamba ukijilaza mchana unaota cheche. Walikuwa marafiki kabla mimi sijawa mke wa mtu. Kaka mwenyewe ndiye aliyemleta nyumbani akasema, "Huyu ana mkono mzito, lakini hana kinyongo." Sikuwa na mtu mwingine duniani nje ya hao. Tangu ugomvi wa gari ulipoanza nilikuwa nataka jambo moja tu, wabaki hai wote wawili, na wabaki wangu.

Gari walilinunua kwa kuchanga, kutoka kwa rubani mmoja mstaafu. Lilikuwa jeusi, la milango minne, viti vya ngozi, lililotengenezwa zamani kwa ajili ya watu wenye pesa na haraka. Ukiliona limesimama unadhani ni gari la kupelekea watoto shule. Ukiliwasha, vioo vya madirisha yetu vilitetemeka.

Rubani aliwaambia ukweli. "Kulinunua mtaweza," alisema. "Kukaa nalo ndiyo kazi. Gari lenyewe limeshuka bei, lakini vipuri vyake havijui kwamba limezeeka."

Walicheka. Walikuwa wamelipata kwa bei ya pikipiki mbili, na mtu aliyepata kitu kwa bei hiyo hasikii la mtu.

Siku ya kwanza walinipakia nyuma. Kaka alikanyaga mafuta kwenye barabara ya maghala, nikabandikwa kwenye kiti kama stempu, na mume wangu akawa anapiga dashibodi kwa viganja huku akicheka mpaka machozi. Sijawahi kuwaona wakipendana kama siku ile. Ndiyo maana siwezi kusema kwamba walikuwa wajinga. Walilibatiza jina Waziri, kwa sababu lilikuwa jeusi, lilikula sana, na kila wiki lilikuwa na shida inayohitaji kikao.

Masharti waliyatunga wenyewe, wakiwa wameshiba, wakipigana makofi ya mabegani. Wiki moja lingekaa kwa kaka, wiki moja kwetu. Likikuharibikia mkononi, unatengeneza wewe. Makabidhiano yangekuwa Jumapili mchana uani kwetu, na ufunguo usingetoka kwa mmoja kwenda kwa mwenzake moja kwa moja, ungepitia kwangu, kwa kuwa mimi ni dada wa huyu na mke wa yule na siwezi kupendelea. Mimi nilitakiwa kuuliza, "Lina tatizo?" Anayekabidhi anajibu, "Halina." Ndipo namkabidhi mwingine. Mwanzoni walikuwa wananiuliza mimi kwa utani, "Bibi mkubwa, umeridhika?" na mimi naona haya natazama chini.

Shida ni kwamba gari la namna ile halina siku linakuwa zima. Oili ilivuja kutoka kwenye gasketi ya juu ya injini ikadondokea bomba la moshi, likawa linanuka kama sufuria iliyosahaulika jikoni. Bushi za mbele zilikwisha, ukipita kwenye shimo unasikia mtu anagonga mlango. Kioo cha nyuma kilizama ndani ya mlango kikagoma kupanda. Mlango wa mbele kushoto, upande wa abiria, ulikataa kufunguka kwa ndani, mpaka mtu atoe mkono dirishani afungulie nje, na huo hawakuugusa kabisa maana uliharibika hatua mbili kabla ya geti letu wakashindwa kukubaliana umeharibikia mkononi mwa nani.

Kwa hiyo kila mmoja akajifunza kuficha. Kaka alikuwa anaosha injini kwa petroli kila Jumamosi ili uvujaji usionekane. Mume wangu aling'oa taa ya onyo kwenye dashibodi. Kaka akavunja mayai mabichi ndani ya rejeta, kwa kuwa alisikia yanaziba matundu, na wiki nzima Waziri akatembea akinuka kama banda la kuku lililoungua. Mume wangu akakata kabari ya mti akakishikiza kile kioo.

Fundi wa magari mmoja aliwahi kuwakalisha wote wawili kwenye matairi yake ya zamani akawaeleza kwa upole. Injini hii haina ugonjwa, alisema. Ugonjwa uko kwenye plastiki na mipira yote inayopitisha maji. Ng'oeni vyote siku moja, pampu, rejeta, mabomba, viungo, mweke vipya, mtasahau. Akataja bei. Ilikuwa inakaribia nusu ya bei waliyonunulia gari. Walitazamana, na nikaona kila mmoja anawaza vilevile, kwamba akilipa leo atakuwa amemlipia mwenzake wiki ijayo.

Wakaondoka bila kutengeneza chochote. Ndipo likaja suala la gundi, na jino.

Baada ya jino walikaa karibu mwezi bila kusemeshana, lakini makabidhiano hayakukosa hata Jumapili moja. Halafu Waziri akachemka tena, safari hii mikononi mwa mume wangu, kwenye makutano ya barabara, magari yanapiga honi nyuma. Hakulizima. Aliliendesha hivyohivyo likitoa moshi hadi kwenye kibanda cha kunyolea, akaingia akamkamata kaka kwa kola mbele ya mteja aliyekuwa amenyolewa upande mmoja wa kichwa.

Mimi nilikuwa pale. Nilikuwa nimempelekea kaka chakula.

"Njoo uone zawadi yako," mume wangu alisema, akamburuta hadi kwenye gari. "Fungua."

"Halifunguliwi likiwa la moto, shemeji. Unajua."

"Wiki nzima umekaa nalo hukuona kwamba linachemka? Nimesema fungua."

"Umerukwa na akili?"

Mume wangu anabeba mageti ya chuma peke yake. Alishika mkono wa kulia wa kaka, akaukandamiza juu ya kifuniko cha tangi la maji, akauzungusha. Kifuniko kiliruka juu ya paa la kibanda. Maji yaliyochemka yalipanda kama yametemwa na mnyama, yakamwagika kwenye mkono wa kaka, shingoni kwake, na kifuani kwa mume wangu mwenyewe. Wote wawili walipiga yowe moja. Ngozi ya mkono wa kaka ilivuka kuanzia kwenye kifundo ikaja kukusanyika kwenye vidole kama soksi. Nilimwagia maji ya kunywa yote yaliyokuwepo. Yule mteja alisimama na kichwa chake nusu akauliza kama atamaliziwa leo.

Kinyozi ni mkono. Kaka alifungwa bendeji hadi kwenye kiwiko, na kibanda kikafungwa.

Siku bendeji ilipopunguzwa alikuja karakana, asubuhi kweupe, na nondo katika mkono wa kushoto. Mume wangu alikuwa amevaa kofia ya kuchomelea, macho yake yako kwenye cheche, hakumwona. Pigo la kwanza lilimpata ubavuni, nikasikia mfupa ukilia jikoni nilikokuwa. La pili pia ubavuni. La tatu lilipasua kioo cha kofia. Nilimkumbatia kaka kwa nyuma nikaning'inia shingoni kwake, naye akanikung'uta kama vumbi, lakini akaacha.

"Mwambie mumeo hizo ni za mkono," alisema akihema. "Za jino bado."

Mtu anaweza kuuliza kwa nini hawakuliuza. Walijaribu. Walikuja wanunuzi, wakalizunguka, wakapiga mateke matairi, wakasikia sauti ya bushi wakaenda zao. Aliyebaki alikuwa mnunua vyuma chakavu, na bei aliyoitaja, kaka aliiita matusi. Kila mmoja alikuwa ameshamwaga ndani ya Waziri zaidi ya alivyonunulia. Aliyekubali kujitoa angekuwa amemwachia mwenzake nusu yake bure, na hilo hawakuliweza, hata kwa mbavu zilizovunjika.

Jumamosi moja mume wangu aliniita karakana nimshikie taa, maana kuinama kulimuuma. Gari lilikuwa juu ya vigogo, gurudumu la mbele kulia limetolewa. Huko ndani kulikuwa kumelowa.

"Breki inavuja," alisema. "Mpira umeoza, na pistoni imeganda. Ukibadilisha huu lazima ubadilishe na wa kushoto. Na diski zake." Alipiga mluzi. "Bei nimeuliza. Heri ninunue mguu."

"Mwambie kaka mchangie."

"Tuchangie?" Alicheka, akashika ubavu. "Na hizi alichangia nani?"

Alichukua koleo akakunja bomba jembamba linalopeleka mafuta ya breki kwenye gurudumu lile, akalikunja mara ya pili, akaliweka juu ya kipande cha reli akaligonga nyundo hadi likawa bapa. Uvujaji ukakoma. Akajifutia mikono kwenye suruali.

"Na breki?" niliuliza.

"Zimebaki tatu. Watu wanaishi na figo moja."

"Likienda kasi?"

"Likiwa taratibu huoni kitu. Likienda kasi, ukikanyaga ghafla, litavuta kushoto, maana kulia hakuna kinachoshika."

"Kaka anaenda kasi siku zote."

Alianza kurudisha gurudumu, anakaza nati moja moja, na alipokaza ya mwisho aliongeza nguvu mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Nilielewa. Hakuwa amekunja lile bomba kwa sababu ya bei.

Jumapili asubuhi nilimbembeleza mara mbili, mara ya kwanza nikimpelekea chai, mara ya pili nikimfungia bendeji ya mbavu. "Mwambie mwenyewe," nilisema. "Sema tu breki haiko sawa. Si lazima useme uliifanya nini."

"Ukifungua mdomo pale," alisema, "uchague kabisa mahali utakapolala."

Kaka alikuja na glovu nyeusi kwenye mkono ulioungua. Ngozi mpya ilikuwa laini, haitaki jua. Alilizunguka gari, akapiga kofi juu ya paa kama mtu anayemsalimia ng'ombe.

"Mdogo wangu, hujambo?"

"Sijambo, kaka. Shikamoo."

"Marahaba. Leo nakwenda nalo mbali kidogo. Nimekaa ndani mpaka nimeota ukungu."

Mume wangu aliniwekea ufunguo kiganjani. Nikauliza, kama ilivyokuwa kawaida, "Lina tatizo?"

"Halina," alisema, akinitazama machoni.

Nilitakiwa kugeuka nimpe kaka. Niligeuka. Vidole vikakataa kufunguka.

"Ufunguo, dada," kaka alisema.

"Mpe," mume wangu alisema.

"Ana nini huyu? Mdogo wangu, una nini?" Kaka alianza kunifungua vidole, kimoja kimoja, kwa mkono wake wa kushoto, kwanza akitabasamu. Alipofika kwenye cha tatu nilisema, na sauti iliyotoka sikuijua.

"Breki ya mbele kulia imefungwa. Bomba limegongwa nyundo. Ukienda kasi ukakanyaga breki, litavuta kushoto likuue."

Upande wa pili wa ukuta mama muuza mkaa aliacha kuchota mkaa.

Kofi la mume wangu lilinipata mdomoni nikakaa chini. Sikuwahi kupigwa na mume wangu kabla ya hapo, na nadhani hata yeye alishangaa, kwa sababu alibaki ameutazama mkono wake. Kaka hakumpa nafasi ya kuutazama sana. Alimpiga kichwa cha pua. Alimsukuma kwenye ubavu wa gari, akamwingiza goti palepale palipovunjika, mara moja, mara mbili, mara ya tatu mume wangu akakosa pumzi ya kulia. Alifungua mlango wa kushoto, akamkunja kama godoro akamtia ndani, akaubamiza.

Aliokota ufunguo mavumbini.

"Litavuta kushoto," alisema. "Si ndivyo ulivyosema?"

"Kaka, usifanye."

"Nimeuliza tu, mdogo wangu. Kulia imefungwa, kwa hiyo litavuta kushoto."

Dereva anakaa kulia. Nilimwona akiingia, akivuta mkanda, akijifunga. Katika miaka yote niliyomjua kaka yangu hakuwahi kufunga mkanda.

Hapo ndipo nilipojua nimempa nini.

Niliukamata mlango wa kushoto kwa nje. Mume wangu alikuwa ndani ananitazama, damu ya pua imemwingia mdomoni, na mkono wake umetoka dirishani unapapasa kitasa. Vidole vyangu na vyake vilikutana kwenye kitasa. Waziri akanguruma, magurudumu ya nyuma yakatupa mchanga kwenye miguu yangu, kitasa kikanichomoka, nikaanguka kifudifudi. Geti lilikuwa limeegeshwa tu. Walilipasua kwa bampa, geti ambalo mume wangu alilichomelea mwenyewe, likaruka bawaba.

Nilikimbia bila viatu. Mtaa wetu unateremka hadi barabara ya maghala, na kushoto kuna ukuta mrefu wa mawe wa ghala la saruji. Nilisikia gia ya kwanza ikivutwa hadi mwisho, halafu ya pili, ile sauti iliyonibandika kwenye kiti siku ile ya kicheko. Mkono wa mume wangu ulikuwa bado nje ya dirisha, unapiga ubavu wa mlango. Watu waliruka mitaroni. Gari likazidi kuwa dogo, mkono ukarudi ndani. Kisha taa nyekundu za nyuma zikawaka zote mbili.

Lilivuta kushoto kama limepigwa teke. Pua ilizama, mkia ukainuka, likaingia ukutani kwa ubavu wa abiria, na ule mlio sikuusikia kwa masikio, niliusikia kwenye meno. Mawe ya juu ya ukuta yaliangukia paa. Vioo vilimwagika barabarani kama mchele.

Nilipofika kaka alikuwa ameshatoka. Alisimama katikati ya barabara, nyusi imepasuka, glovu imemvuka. Hakuwa na jeraha lingine. Injini ilikuwa bado inaunguruma, silinda zote sita, haina hata mkwaruzo, na feni ilikuwa inakula kipande cha rejeta na kukitema.

Mlango wa kushoto haukuwa mlango tena. Ulikuwa umeingia ndani ukakutana na sanduku la gia, na mguu wa mume wangu ulikuwa katikati. Alikuwa hai. Alikuwa analia kwa sauti nyembamba ambayo sikujua mwanamume mkubwa vile anayo. Nilishika chuma nikavuta. Nilikivuta mpaka kucha mbili zikabaki humo.

"Zima injini," nilimwambia kaka. Petroli ilikuwa inatiririka chini.

Hakusogea. "Nilitaka kumtisha tu," alisema. "Nilikanyaga kidogo tu."

Niligeuka nikatazama barabara. Kulikuwa na alama ya tairi, moja tu, nyeusi, nene, imeanzia mbali sana juu ya mteremko ikaja imenyooka kisha ikapinda hadi ukutani. Kaka naye akaitazama. Baba mmoja wa ghalani ndiye aliyeingiza mkono akazima.

Walikuja na lori na mnyororo. Walipovuta mara ya kwanza mume wangu alizirai, na nikamshukuru Mungu kwa hilo. Nilikuwa nimeshika kichwa chake kifuani kwangu kupitia kioo cha mbele kilichokuwa hakipo. Waliposema wahesabu wavute tena, niliona mkono wenye ngozi ya waridi umeshika mnyororo pamoja na mikono mingine. Sikuutazama mwenye nao.

Hospitali walimkata mguu wa kushoto chini ya goti.

Kaka alikuja siku waliporuhusu wageni. Alikuwa amenyoa ndevu vizuri, amevaa shati la kwendea misibani, amebeba mfuko wa machungwa. Mimi nilikuwa mlangoni mwa wodi.

"Niingie?"

"Usiingie."

Alinyanyua mfuko kidogo, kama mtu anayeonyesha tiketi. "Nimeongea na mnunua vyuma. Lile gari analichukua. Hela yote iwe ya matibabu, hata nusu yangu."

"Sawa."

"Nilimkasirikia. Unajua alichonifanyia mkono. Unajua alichotaka kunifanyia siku ile."

"Najua. Ndiyo maana nilikuambia."

"Basi?"

"Nilikuambia upone, kaka. Sikukuambia upange nani akae upande gani."

Alifungua mdomo, pengo la jino likaonekana, akaufunga. Wauguzi walipita na kitanda chenye magurudumu, tukasogea, yeye upande ule na mimi upande huu.

"Mimi nimekulea," alisema.

"Ndiyo, kaka. Umenilea."

"Kuanzia ukiwa hujui kufunga kamba za viatu."

"Ndiyo."

Alisubiri niongeze neno. Sikutoka mlangoni. Alisubiri tena, kisha akaweka machungwa sakafuni, taratibu, yasibingirike, akaondoka. Hakugeuka. Ana mwendo wa baba yetu, nilikuwa nimesahau.

Ndani mume wangu alikuwa macho. Shuka lilikuwa limeinuka upande mmoja na limelala upande wa pili. Alikuwa amesikia.

"Ulimwambia litavuta upande gani?" aliuliza.

"Kushoto."

"Ulijuaje?"

"Uliniambia wewe."

Alifumba macho. Machozi yalipita kwenye lile kovu la shavu, yakalifuata kama maji ya mvua kwenye mfereji, mpaka kwenye mdomo.

"Ameondoka?"

"Nimemfukuza."

"Umefanya vizuri," alisema. Alikunja na kukunjua ncha ya shuka. "Na mimi?"

Nilimpandisha juu kidogo kwa makwapa, nikamweka mto vizuri mgongoni, nikamshikia kikombe anywe. Mdomo wangu ulikuwa bado umevimba pale aliponipiga.

"Wewe bado huwezi kutembea," nilimwambia.